Sekunde Mbili za Mota ya Kushoto

Nilikabidhi funguo za karakana wiki tatu zilizopita, na tangu siku ile simu yangu haijapumzika. "Shikamoo mwalimu, spana namba kumi na tatu uliiweka wapi?" "Mwalimu, kontrola inawaka taa nyekundu, tufanyeje?" Nikaona bora niandike, mnisome wenyewe, mniache nimwagilie mchicha wangu hapa Unyambwa kwa raha. Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuwa vichache na havikunibadilisha sura. Mshahara nao mnaujua, ndio huohuo mnaoupokea. Nitaandika kazi. Spana iko nyuma ya kabati la lehemu.

Siku yangu ya kwanza nilifika karakana ya umeme ya shule yetu nimevaa suruali niliyoipiga pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Hamisi, mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa mkono mmoja kwa waya wa shaba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye suruali. Kisha akanionyesha mota ya mashine ya kukamua alizeti, imejaa mafuta, vumbi na maganda, akasema, "Ifungue. Ukipoteza nati utaitafuta mpaka uipate." Ilipofika saa sita mchana suruali ilikuwa imekwisha kazi yake hapa duniani, na nati moja haionekani. Niliipata saa kumi, ndani ya pindo la suruali hiyohiyo. Mzee Hamisi hakucheka. Alicheka kesho yake, peke yake, akiwa anakunywa chai.

Yule mzee ndiye aliyenifundisha kusuka mota. Kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi: mota ikiungua, unatoa waya wote wa shaba ulioungua, unahesabu mizunguko yake, unasuka mpya kwa hesabu ileile, unapaka vanishi, unaikausha. Ukikosea hesabu kidogo, mota inanguruma kama mtu mwenye homa. Mzee Hamisi alikuwa hatumii mita ya kupimia umeme mpaka awe ameishika kwanza mota kwa kiganja na kuisikiliza. Na alikuwa na amri moja aliyoirudia kila siku ya Mungu: mota isishtuliwe. Iwashwe taratibu, ipande mwendo polepole, hasa ikiwa imetoka kutengenezwa. Mimi niliishika amri hiyo kama dini. Mtaona ilinifikisha wapi.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, maana karakana ya shule ndiyo ilikuwa hospitali ya mota za watu wote wa jirani. Nitawapa moja. Pampu ya maji ya kijiji kimoja upande wa Kilimatinde iliungua mara tatu katika mwaka mmoja. Nikaisuka mara ya kwanza, ikarudi. Nikaisuka mara ya pili, nikaongeza na maombi, ikarudi. Mara ya tatu nikasema hapana, naipeleka mwenyewe, nikaone inaishije huko. Nikapanda kule juu, nikafungua kibanda cha pampu. Mota imefunikwa blanketi. Blanketi zito kabisa, la mistari, limekunjwa vizuri na kufungwa kamba kiunoni.

"Nani kaweka hili?" nikamuuliza mlinzi wa pampu.

"Mimi, mwalimu. Huku juu upepo una baridi kali, nikaionea huruma."

Jamani! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mota inapumua kwa feni iliyo mgongoni, na mwenzangu alikuwa ameiziba pua kwa upendo. Kisa hicho nilikisimulia miaka na miaka, na kila mara nilimfanya yule mlinzi awe mjinga zaidi kidogo. Mungu anisamehe.

Zikaja kompyuta. Mzee Hamisi alikuwa ameshastaafu, sasa mimi ndiye mkuu wa karakana mwenye miwani. Miaka michache kabla ya zamu yangu ya kustaafu, shule ikaletewa boksi la vifaa vya kuundia roboti, na mkuu wa shule, mama mmoja asiyependa kuona kitu kimekaa bure, akanikabidhi mimi na Mwalimu Grace. Grace alikuwa mwalimu wa kompyuta, msichana wa juzijuzi, anaongea haraka kama redio. Mimi nilijua mota, yeye hajui. Yeye alijua programu, mimi sijui. Wiki ya kwanza kila mmoja alijifanya anamwelewa mwenzake.

Ndani ya boksi kulikuwa na vidude vyeusi vinavyoenea kwenye kiganja. Hizo ndizo kontrola, vidhibiti mwendo vya mota. Upande mmoja unaingiza umeme wa betri, upande wa pili unatoka kwenda kwenye mota, na katikati kuna waya mwembamba wa kupokea amri kutoka kwenye ubongo wa roboti. Unapoiambia "nenda nusu ya nguvu", yenyewe inakata umeme vipandevipande, haraka kuliko jicho, mpaka mota iende nusu. Kumbe kazi tuliyokuwa tukiifanya kwa makabati mazima ya swichi imeingia kwenye kitu kinachotosha mfuko wa shati. Nilikigeuza kile kidude mkononi, nasema kweli, nikasikia wivu.

Sasa, kontrola haijui kitu mpaka uifundishe kwa kompyuta, na sisi hatukujua kwamba haijui. Siku ya kwanza tuliiweka roboti juu ya meza yangu, mota moja kushoto, moja kulia, Grace akabonyeza "mbele". Mota zimefungwa zikitazamana, kwa hiyo "mbele" ya moja ni "nyuma" ya nyingine. Roboti ikazunguka kama mcheza ngoma, ikapiga chupa ya chai, ikaniruka, ikaenda sakafuni. Chai ilikuwa ya moto na ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo tukaweka sheria mnayoijua: tofali kwanza. Kabla ya kuwasha, roboti inakaa juu ya tofali, magurudumu yako hewani, ndipo unaipa umeme. Asiyeweka tofali anafagia karakana wiki nzima. Hata mkuu wa shule aliwahi kufagia, siku moja tu, na alifagia vibaya.

Baada ya hapo tukajifunza kwamba kila kontrola lazima ipewe namba yake. Zetu zilikuja zote na namba moja, kama darasa lenye akina Juma wawili: ukiita Juma, wanasimama wote. Tukajifunza kuigeuza mota ya kulia mwelekeo. Tukajifunza kuweka kikomo cha umeme ili gurudumu likikwama mota isiungue. Na tukajifunza kuweka muda wa kupanda, yaani sekunde ngapi mota ichukue kutoka kusimama mpaka kufika mwendo uliotakiwa. Hapo moyo wangu ulifurahi sana. Nikamwambia Grace, "Umeona? Mzee Hamisi yumo humu ndani." Na ukishamaliza kupanga yote hayo, unabonyeza kuhifadhi. Usipohifadhi, ukizima umeme kontrola inasahau kila kitu, na wewe unatukana betri isiyo na kosa.

Katika wanafunzi wetu wa kwanza wa roboti alikuwemo Pendo Malogo, wa kidato cha tatu, binti wa mkulima na mfugaji wa Kintinku. Mimi nimefundisha watoto wengi wenye akili, na wengi wao walinichosha. Pendo hakuchosha. Alikuwa na daftari la mistari ambalo aliandika kila namba ya kila kontrola, ya leo na ya jana, na kando yake sababu ya kuibadilisha. Mkono wake ulikuwa mtulivu kwenye lehemu. Alikuwa haongei mpaka aulizwe, akiulizwa anajibu kwa sentensi moja, na sentensi hiyo inatosha. Grace alimkabidhi programu yote. Roboti yenyewe watoto waliiita Punda, kwa sababu ilibeba mizigo na kwa sababu ilikuwa inagoma.

Mashindano ya shule za mkoa yalipokaribia, baba yake Pendo alimpigia simu mkuu wa shule. Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba binti yake anashinda jioni nzima na vigari vya kuchezea. Mkuu wa shule akaiweka simu kwenye spika nisikie.

"Mimi nimempeleka mtoto asome," alisema Mzee Malogo, bila hasira, polepole kabisa. "Sijampeleka kucheza. Siku ya hayo mashindano yenu nitakuja, nione kwa macho yangu. Nikiona ni mchezo, naondoka naye siku hiyohiyo. Huku nyumbani kuna sekondari, atakaa nami nikimwona."

Sekondari aliyoisema haikuwa na karakana, wala somo la umeme. Pendo angehamia kule, daftari lile lingekuwa la kufungia vitumbua. Tukamwita, tukamwambia. Hakulia mbele yetu. Alisema, "Ndiyo, nimesikia," akaenda bombani kuosha mikono, akaiosha muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Basi mimi nikaapa kwamba Punda ataenda kama saa. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Zikiwa zimebaki siku tano, mota ya kushoto ilianza kutoa harufu. Nikaifungua. Kaboni zake, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimelika zimekwisha. Nikachonga nyingine kutoka kwenye mota kuukuu, nikasafisha shaba mpaka ikang'aa, nikaifunga. Kazi safi, na nilijisifu kwa sauti. Kisha, kwa sababu kaboni zilikuwa mpya na nilitaka zizoee bila kushtuliwa, nikavuta kompyuta mwenyewe. Kontrola ya kushoto nikaipa muda wa kupanda sekunde mbili. Ya kulia ilikuwa na robo sekunde, sikuigusa. Nikahifadhi.

Pendo alikuwa amesimama begani kwangu na daftari lake.

"Mwalimu," akasema, "kushoto ni mbili, na kulia ni robo?"

"Ndiyo. Ya kushoto imetoka kutibiwa."

"Haitavuta upande, mwalimu?"

Nilikuwa nimechoka, nilikuwa najivuna, na wenzake walikuwa wanasikiliza. Nikasema, "Pendo, mimi nimeanza kusuka mota baba yako hajaoa."

Karakana nzima ikacheka. Yeye naye akacheka kidogo, akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaandika namba zile kwenye daftari. Kwetu huku mtoto aliyelelewa vizuri hamrudii mkubwa swali alilokwisha kujibiwa. Nami nilijua kwamba amelelewa vizuri, nikayatumia malezi yake kumnyamazisha.

Tangu siku hiyo Punda kila akiondoka anapinda kushoto, kiuno kwanza, kisha akishashika mwendo ananyooka. Ni jambo jepesi kabisa: gurudumu la kulia linaruka, la kushoto bado linajinyoosha. Mtoto wa chekechea angeona. Mimi nilisema sakafu ya baraza tulipofanyia mazoezi imeinama. Nikasema ni upepo wa gurudumu, nikawaambia wabadilishe la kushoto liende kulia. Wakabadilisha. Akapinda vilevile. Nikasema Iddi, kijana aliyekuwa anashika rimoti, ana kidole kizito upande mmoja. Iddi maskini akaanza kufanya mazoezi ya kidole. Na Pendo alifungua nati za magurudumu na kuzifunga, siku nne, anajua, ananitazama, ananyamaza. Nikikumbuka hapo naona aibu mpaka leo.

Siku ikafika. Ukumbi mkubwa pale mjini Singida, shule tano, viti vimejaa. Mchezo ulikuwa hivi: kuna chupa za plastiki zilizotiwa mchanga, zimesimamishwa uwanjani. Roboti inaibana moja, inaipeleka kwenye boksi lake, inarudi kuchukua nyingine, dakika mbili. Raundi tatu, zinajumlishwa. Ukiutazama mchezo huo utaona kwamba roboti haipati nafasi ya kushika mwendo. Ni kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama. Yaani kila hatua ni kupinda.

Mzee Malogo alikuwa amefika mapema. Mtu mrefu, koti zito, kofia ameishika mkononi, amekaa safu ya mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Nikamfuata. Tukaamkiana, akaulizia mvua za upande wetu, nikaulizia ng'ombe wake. Hakuuliza kuhusu roboti. Alisema tu, "Nitaona."

Na akaona. Raundi ya kwanza Punda aliondoka akapinda, akaikosa chupa. Iddi akamrudisha, akaondoka, akapinda, akaiangusha. Akaibana moja kwa bahati, akaenda nayo kwa mwendo wa mlevi, akalisukuma boksi letu wenyewe nje ya mstari. Watu wakacheka. Mtangazaji mwenye kipaza sauti akasema huyu Punda amekunywa nini asubuhi, wakacheka tena. Tulipata chupa moja. Wenzetu walikuwa na tano, sita.

Wakati wa mapumziko nilikuwa chini ya meza nimeshika spana, namfokea Iddi, nafungua gurudumu ambalo halikuwa na kosa. Nikaona viatu vya ngozi vimesimama mbele yangu. Ni Mzee Malogo.

"Mwalimu," akasema, "mimi mitambo siijui. Lakini nalima kwa plau, na ng'ombe nawajua. Huyu wenu wa kulia anaondoka kabla ya mwenzake."

Nikafungua mdomo niseme sakafu. Yeye alikuwa ameshamgeukia binti yake.

"Pendo. Kwa nini?"

Nilimwona mtoto yule akinitazama, akamtazama baba yake, akatazama chini. Aliyemwuliza ni baba. Anayelindwa ni mwalimu. Kumdanganya mmoja hawezi, kumwaibisha mwingine hawezi.

"Pendo, nimekuuliza."

"Baba, wa kushoto amecheleweshwa."

"Na nani?"

Akanitazama tena.

"Mwalimu amempa sekunde mbili za kujiandaa," akasema kwa sauti ndogo. "Wa kulia ana robo. Kila tukiondoka, wa kushoto anasubiri. Ndiyo maana tunapinda."

Uso wa Mzee Malogo ukabadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyepata jibu. "Unasema mwalimu wako ndiye aliyekosea? Yeye mwenyewe yuko hapa, unasema mbele yake? Hicho ndicho mnachofundishwa huku?"

Pendo akarudi nyuma hatua moja. Nikaelewa yote mara moja. Mtoto huyu haondolewi tena kwa sababu ya vigari. Anaondolewa kwa kukosa adabu, na kosa hilo halina rufaa kwa baba wa namna ile.

Nitawaambia ukweli, maana nimestaafu na hamwezi kunifanya kitu. Ilinipitia akilini niseme binti amekosea. Hakuna ambaye angejua. Ningesema mtoto hajaelewa, mambo ya kitaalamu haya, mzee tusamehe, na mimi ningetoka pale na heshima yangu yote. Hilo wazo lilikaa kichwani kwangu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha nikatoka chini ya meza.

"Mzee Malogo," nikasema, "binti hana kosa. Amesema kweli. Mimi ndiye niliyekosea. Na aliniuliza tangu wiki iliyopita, kwa adabu zote, nikamfunga mdomo mbele ya wenzake. Amekaa kimya siku zote hizi kwa kuniheshimu. Leo amesema kwa sababu umemwuliza wewe, na wewe hawezi kukudanganya. Sasa kama kuna mtu wa kugombezwa hapa, ni mimi."

Jamani, mbele ya Grace, mbele ya Iddi na kidole chake, mbele ya walimu wa shule nyingine waliokuwa wamesogea kusikiliza, nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Mzee Malogo alinitazama muda mrefu.

Nikavuta kiti. "Pendo, kaa. Rekebisha."

Dakika nane zilikuwa zimebaki. Akainua Punda akamweka kwanza juu ya tofali. Watu wa meza ya jirani wakashangaa tumekuja na tofali ukumbini. Akachomeka waya, akaifungua kontrola ya kushoto, zile mbili zikatokea kwenye kioo, nikaziona zilivyo kubwa.

"Weka robo kama ya kulia," nikasema.

"Nusu, mwalimu," akasema, halafu akashtuka mwenyewe, akamwangalia baba yake. Baba hakusogea. Akaendelea, polepole: "Zote mbili nusu. Tukiweka robo zikaruka pamoja, umeme wa betri utashuka ghafla na ubongo utazima. Betri yetu ni kuukuu."

Mara ya pili siku hiyohiyo, na mara ya pili alikuwa sahihi. "Nusu," nikasema. "Weka nusu."

Mzee Malogo alikuwa ameinama sasa, mikono miwili juu ya fimbo, anatazama kioo. "Hiyo namba ukiikosea inakuwaje?" akauliza. Pendo akamweleza. "Na yenyewe inakumbuka hata ukizima?" Akamweleza kuhifadhi. "Nani aliandika hayo maneno yote?" Mzee akaonyesha programu kwenye kioo, mistari na mistari.

"Mimi, baba."

"Yote?"

"Mengine Mwalimu Grace alinisaidia."

"Machache," akasema Grace haraka. "Machache sana, mzee."

Pendo akahifadhi, akazima, akawasha tena, akasoma namba upya kuhakikisha hazikupotea. Nusu na nusu. Akabonyeza mbele, magurudumu mawili yakaanza kuzunguka hewani kwa pamoja, na mimi nikasikia sauti moja ya mota mbili. Sijui kama mtanielewa. Nimezisikiliza mota maisha yangu yote, na ile sauti ilinipendeza kuliko nyingi.

Raundi ya pili Punda aliondoka kama amechorewa mstari. Chupa saba. Raundi ya tatu Iddi, ambaye sasa kidole chake kilikuwa kimepona ghafla, alipeleka tisa, na ya tisa iliingia boksini kengele ikiwa inalia. Grace alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mtangazaji akasema Punda ameacha pombe. Hatukuwa wa kwanza. Ile chupa moja ya raundi ya kwanza ilitufunga, na hiyo ni chupa yangu mimi, nimeibeba. Tulikuwa wa pili. Wa kwanza walikuwa na roboti nzuri, nakiri, ingawa ilipakwa rangi mbaya.

Tulipotoka nje kupakia vitu, gari letu lilikuwa pikapu iliyo wazi, na upepo wa Singida mnaujua, vumbi limesimama barabarani kama ukuta. Nilikuwa natafuta maneno. Nilitaka kumwambia yule mzee kwamba mtoto wake ni bora kuliko yeyote niliyemfundisha, kwamba asimhukumu kwa makosa yangu, kwamba nitamwandikia barua, nitakuja Kintinku ikinilazimu. Nilianza: "Mzee mwenzangu, kuhusu Pendo..."

Akanyoosha mkono ninyamaze. Akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa kitu kilichokunjwa kidogo kabisa. Akakikung'uta. Lilikuwa begi, yale makubwa ya mistari tunayoyaita shangazi kaja, jipya, karatasi ya dukani bado imening'inia kwenye zipu.

"Nilikuja nalo la kubebea vitu vyake," akasema.

Pendo alikuwa amemshika Punda kifuani. Mimi macho yakaanza kuniwasha, na sitasingizia vumbi.

Mzee Malogo akalifungua begi mdomo, akaliweka juu ya pikapu, akamtazama binti yake. "Mashine kama hiyo mnaibeba hivihivi kwenye vumbi?" akasema. Akampokea Punda kwa mikono miwili, taratibu, akamwingiza ndani ya begi, akavuta zipu mpaka mwisho, akaipapasa mara mbili kuhakikisha imefunga.

Kisha akavaa kofia yake.

"Begi langu," akamwambia, "utanirudishia likizo."